Muuguzi Anayetaka Shahada ya Uzamili: Pesa Inapatikana Wapi, na Uanzie Wapi

Kila mwaka ukiingia mwezi wa nane, kundi letu la WhatsApp la manesi tuliosoma pamoja hupokea tangazo lile lile: Chevening, ufadhili wa masomo wa Uingereza, wamefungua dirisha la maombi. Watu wanaitikia kwa vikatuni vya mikono ya dua, mmoja anaandika "Amina, mwaka huu ni wetu", kisha tangazo linazama chini ya michango ya harusi. Dirisha likifungwa mwezi wa kumi, waliotuma maombi ni wa kuhesabu kwa vidole. Mimi nimeitikia amina miaka miwili mfululizo. Mwaka wa tatu niliomba nikakosa, wa nne nikapata mfuko mwingine kabisa.

Nilichokiona katika miaka hiyo ni kwamba wauguzi wengi hatukosi ufadhili kwa sababu ya alama. Tunakosa kwa sababu tunaanza na tangazo. Tangazo ni la mwisho. Kinachotangulia ni kozi, halafu mwajiri, halafu makaratasi, na kazi hiyo yote inataka mwaka mmoja na nusu kabla ya kupanda ndege au kuingia darasani. Naandika zaidi kwa muuguzi wa Tanzania aliye kazini. Wa Kenya ataona mengi yanafanana, akibadilisha tu majina ya ofisi. Walioko Marekani nimewawekea sehemu yao.

Jua umesimama wapi

Kwenye wodi moja wote tunaitwa sista, lakini kwa mfadhili hatuko sawa. Mwenye stashahada, yaani Afisa Muuguzi Msaidizi, amesajiliwa kihalali na baraza la uuguzi na ukunga, ila mlango wa uzamili haujafunguka kwake. Anatakiwa amalize kwanza shahada ya kwanza. Kama ndipo ulipo, weka nguvu kwenye kujiendeleza hadi shahada, maana karibu mifuko yote nitakayoitaja haitasoma fomu yako.

Mwenye shahada atoe transkripti yake na aangalie GPA, yaani wastani wa alama zake, bila kujidanganya. Kwa mizani yetu ya 5, daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, na la pili la chini 2.7. Mifuko ya Uingereza kwa kawaida inataka daraja la pili la juu. Ukiwa na 3.1 hujafungiwa maisha, lakini usitumie miezi mitatu kumbembeleza mfadhili aliyekwisha kusema anachotaka. Elekeza jicho kwenye vyuo vya ndani, kwa mwajiri, kwa kanisa au kwenye miradi ya utafiti.

Kingine ni leseni. Iwe hai, na alama zako za mafunzo endelevu ziwe zimeingizwa. Kuna mwenzetu aliyeitwa kwenye usaili leseni yake ikiwa imekwisha muda, akatumia wiki nzima kukimbizana na mfumo badala ya kujiandaa kwa maswali.

Chagua kozi kabla ya mfuko

Hapa ndipo mtego mkubwa ulipo, na matangazo hayausemi. Shahada nyingi za Uingereza zenye jina la ubobezi wa kitabibu kwa wauguzi zinataka uwe umesajiliwa na baraza lao, NMC, na mara nyingi uwe umeajiriwa huko huko. Marekani nako, kozi za kumfanya muuguzi aweze kutibu na kuandika dawa zinahitaji leseni ya jimbo husika, na leseni hiyo haipatikani bila mtihani wa NCLEX. Muuguzi wa Singida mwenye leseni ya Tanzania pekee hawezi kuingia, hata awe na mdhamini wa kulipa kila senti.

Kwa hiyo gawanya mambo mawili. Ukitaka kubobea kitandani kwa mgonjwa, soma nyumbani. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wana shahada za uzamili za uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na za ukunga na afya ya wanawake. Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Dodoma pia ni vya kuangalia. Ukitaka afya ya jamii, epidemiolojia, uongozi wa huduma za afya au ualimu wa wauguzi, hapo milango ya nje iko wazi na mifuko ni mingi.

Kabla hujaamua, nenda kwa afisa utumishi umuulize swali moja: nikirudi na shahada hii, muundo wa utumishi unanipeleka cheo gani? Muulize kabla, siyo baada. Namfahamu dada mmoja aliyerudi na shahada nzuri ya afya ya jamii, akakaa zaidi ya mwaka kwenye mshahara ule ule kwa sababu hakuna aliyejua amweke kada ipi.

Mwajiri ni mfadhili wako wa kwanza

Wengi tunamwona mwajiri kama kizingiti cha kuruka. Hebu piga hesabu. Ukipewa ruhusa ya masomo yenye malipo, mshahara unaendelea kuingia mwaka mzima au miwili, watoto wanasoma, bima inaendelea, na kiti chako kinakungoja. Hakuna mfuko wa nje unaotoa hayo yote. Mtu aliyepata ada tu kutoka nje, huku mshahara wake ukiendelea nyumbani, wakati mwingine yuko salama kuliko aliyepata ufadhili kamili akaacha kazi.

Ruhusa hiyo ina njia yake. Kwanza, uwe umethibitishwa kazini. Pili, jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mipango yake inaandaliwa miezi kadhaa kabla. Anayekwenda kuomba mwezi wa sita anaambiwa "hukuwa kwenye mpango", na hakuna wa kumlaumu. Zungumza na matroni au patroni wako Januari, andika barua Februari.

Barua inapanda ngazi kwa ngazi: msimamizi wa kituo, Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha Mkurugenzi. Ngazi hizo ndizo zilizonikosesha nafasi ya chuo mara ya kwanza. Nilikuwa na barua ya udahili mkononi, nikapeleka maombi, nikakaa kusubiri kwa adabu. Baada ya mwezi nikafuatilia. Barua yangu ilikuwa imebanwa ndani ya jalada la mtu mwingine mwenye jina la ukoo kama langu, kwenye ofisi ya kati kabisa ya safari. Ruhusa ilisainiwa wiki tatu baada ya chuo kufunga usajili.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na naushauri kwa kila mtu. Chapa nakala mbili. Moja acha masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Kila baada ya wiki moja pita, uliza jalada liko meza ya nani, andika jibu kwenye daftari. Usigombe na karani wa masjala. Huyo ndiye anayejua jalada lilipo siku bosi anapokuwa safarini.

Ombi la ruhusa na ombi la fedha yawe barua mbili tofauti. Ukiyachanganya kwenye barua moja, jibu la "hatuna bajeti" linaondoka na ruhusa yako pia. Na ukipewa fedha, soma mkataba wa kutumikia kabla ya kusaini: miaka mingapi, na ukiondoka mapema unarudisha kiasi gani.

Mifuko ya nyumbani

Kuna mambo mawili yenye jina la Samia, na watu wanayachanganya kila msimu. Samia Scholarship inayosimamiwa na Bodi ya Mikopo, HESLB, ni ya vijana waliofanya vizuri kidato cha sita kwenye sayansi. Hiyo siyo yako. Yako ni ile ya Wizara ya Afya ya kusomesha wataalamu bingwa na bobezi. Orodha ya fani zinazotakiwa hutolewa kwenye tangazo la wizara, kwa hiyo soma orodha kwanza uone kama fani yako ya uuguzi imo, ndipo uanze kuskani vyeti.

Kama uko hospitali ya kanisa, anza na dayosisi au jimbo. Hospitali hizi nyingi zina marafiki wa muda mrefu Ujerumani, Denmark au Marekani, na watu husomeshwa kupitia uhusiano huo bila tangazo lolote kubandikwa ukutani. Mganga mfawidhi akipeleka jina lako, umeshavuka nusu ya safari. Wakatoliki waangalie pia KAAD, mfuko wa Kikatoliki wa Ujerumani.

Njia isiyosemwa sana ni miradi ya utafiti. Taasisi ya Ifakara na vyuo vyetu vya afya hupata fedha zenye nafasi za kusomesha ndani yake. Muuguzi aliyewahi kukusanya takwimu kwa uaminifu, fomu zake hazina mapengo, ndiye anayekumbukwa nafasi ya uzamili inapojitokeza. Ila kuwa makini na orodha za zamani mtandaoni: USAID, shirika la misaada la Marekani, limefungwa mwaka 2025, na kila mstari unaolitaja kama mdhamini wa mafunzo ni wa kufuta.

Wakenya wana HELB, bodi yao ya mikopo, inayotoa mikopo hata kwa wanaosoma uzamili, na serikali za kaunti ndizo za kuombwa ruhusa tangu huduma za afya zishushwe huko mwaka 2013.

Mifuko ya nje

Chevening ni ya serikali ya Uingereza, tangu 1983. Inalipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, ya kukaa darasani, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani angalau miaka miwili. Wanataka saa 2,800 za kazi, na takwimu hiyo inawatisha watu bure. Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 70 zinatosha. Kazi ya kujitolea inahesabiwa, lakini mafunzo ya vitendo yaliyokuwa sehemu ya lazima ya shahada hayahesabiwi, kwa hiyo usiyajaze. Unachagua kozi tatu. Ushindani ni mkali, na insha ndizo zinazoamua.

Jumuiya ya Madola ndiyo ninayoipenda zaidi kwa wauguzi, na ajabu ni kwamba haizungumzwi sana. Tume yake ya ufadhili ipo Uingereza tangu 1959, na ina milango kadhaa. Mmoja ni wa kwenda kusoma kule kwa mwaka. Mwingine, unaoitwa Shared, ni kwa mtu asiyeweza kabisa kujilipia. Wa tatu ni kusoma kwa masafa: unabaki wodini kwako, unalipwa mshahara wako, unasoma shahada ya chuo cha Uingereza usiku kwenye kompyuta, ada wanalipa wao. Kwa mama mwenye watoto wadogo, au mtu ambaye mwajiri wake amekataa kata kata kumwachia, mlango huu ni wa kupigania. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zimo.

Ujerumani kuna DAAD, shirika lao la kufadhili masomo. Mpango wao mmoja, uitwao EPOS, unataka uzoefu wa miaka miwili, na kwa kawaida shahada ya kwanza isizidi miaka sita tangu uipate. Sharti hilo la pili ndilo linalowakata manesi, maana sisi hungoja miaka kumi tukisema mtoto akue kwanza. DAAD wana ofisi Nairobi, na wana ufadhili wa kusoma humu humu Afrika Mashariki pia.

Kwa haraka: Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ina shahada ya afya ya jamii yenye ufadhili wa serikali ya nchi hiyo. Ufadhili wa pamoja wa Japani na Benki ya Dunia unataka miaka mitatu ya kazi baada ya shahada, na uwe bado umeajiriwa. Aga Khan Foundation hutoa nusu ruzuku, nusu mkopo, kwa hiyo lazima uwe na mdhamini wa huo mkopo. Butaro, Rwanda, kuna chuo cha UGHE chenye shahada ya uzamili ya afya ya kimataifa na msaada kwa wasio na uwezo. TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki iliyo chini ya mwavuli wa Shirika la Afya Duniani, imesomesha wengi katika vyuo kama Wits cha Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Ghana. Anayelenga uzamivu na tayari anafundisha chuoni asome habari za CARTA, mpango wa kusomesha uzamivu watafiti wa Afrika, unaoratibiwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi.

Rotary wanahitaji maelezo yao. Wana ruzuku ya kusoma nje katika maeneo wanayoyajali, na afya ya mama na mtoto na kinga ya magonjwa yamo. Bajeti yake haiwi chini ya dola 30,000. Lakini huombi kwenye tovuti ukasubiri. Unatakiwa klabu ya nyumbani na klabu ya nchi unayokwenda zikubaliane juu yako. Maana yake nenda kwenye kikao cha klabu ya mji wako, jitambulishe, rudi tena mwezi unaofuata. Ndugu wa karibu wa wanachama hawaruhusiwi, kwa hiyo kutojuana na mtu huko siyo kikwazo.

Insha

Manesi hatujui kujisema. Tumefundishwa kuandika ripoti ambayo muuguzi haonekani: mgonjwa alipewa, mgonjwa aligeuzwa, mgonjwa alihamishwa. Tukiandika insha tunafanya vilevile, halafu tunanyunyizia sifa juu. Hii ndiyo aya ya insha yangu iliyokataliwa, kwa Kiswahili:

"Nimefanya kazi hospitali ya wilaya kwa miaka sita nikiwa muuguzi mwenye bidii na upendo, nikishirikiana na wenzangu kuokoa maisha ya mama na mtoto."

Mtu yeyote angeweza kuiandika, hata asiyewahi kuvaa glavu. Hii ndiyo niliyoandika mwaka uliofuata:

"Sanduku la dharura la mama anayetokwa damu lilikuwa likifungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao msimamizi wa wodi. Usiku msimamizi hayupo. Niliomba lihamishiwe ukutani karibu na kitanda cha kuzalishia, likabandikwa orodha ya vilivyomo, na kila anayepokea zamu akasaini kwamba amevihesabu. Wakunga wawili walikataa, wakisema vitaibiwa. Tulikubaliana mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi uliisha, sanduku halikurudi kabatini."

Haina neno kubwa hata moja. Ina tatizo, ina waliopinga, ina nilichofanya na kilichobaki baadaye. Huo ndio uongozi wanaouulizia. Kila aliyefanya kazi wodini miaka miwili ana hadithi kama hizo tatu au nne, ila anaziona ni za kawaida. Chukua kitabu cha ripoti cha zamu, kikumbushe.

Insha ya mipango ya baadaye iwe na anwani. "Nitaboresha afya Tanzania" haina anwani. "Nitarudi kusimamia mafunzo ya wakunga wapya katika mkoa wangu, ambako sasa wanapokelewa na mtu yeyote aliye zamu" inayo.

Barua za mapendekezo omba wiki nne kabla, kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi. Mganga mkuu wa mkoa asiyekujua atakuandikia mistari mitano inayofanana na ya kila mtu. Mpe mwandishi wako karatasi yenye mambo matatu uliyoyafanya, yeye achague.

Gharama zinazofichwa

Ufadhili kamili haumaanishi hutoi kitu. Kabla ya kupata jibu utalipia pasipoti, transkripti, vivuli vya vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria, na pengine mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao si wa bei ya sokoni. Matokeo yake yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema kupita kiasi. Vyuo kadhaa hukubali barua ya chuo chako inayosema ulisoma kwa Kiingereza. Uliza kwanza, unaweza kuokoa fedha hiyo. Anayekwenda Uingereza zaidi ya miezi sita kutoka Tanzania au Kenya atapimwa kifua kikuu kwenye kliniki wanayoikubali wao.

Familia ndiyo gharama kubwa. Tangu Januari 2024, viza ya mwanafunzi wa uzamili wa kawaida Uingereza hairuhusu kuchukua mume, mke wala watoto, isipokuwa kwa anayefadhiliwa na serikali. Wapangie mwaka mzima bila wewe: nani atasaini fomu za shule, nani atampeleka mtoto hospitali usiku. Na kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, kinachobaki kinaweza kuwa theluthi tu. Jua theluthi hiyo inatosha nani kabla hujaondoka.

Anayekuomba hela ili "akushughulikie" ni tapeli, awe na suti au asiwe nayo. Mifuko mikubwa niliyoitaja haitozi ada ya maombi.

Walioko Marekani

Mwenye green card au uraia ana njia ambazo aliye nyumbani hana. Nurse Corps, mpango wa serikali ya Marekani, hulipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa anayefanya kazi miaka miwili kwenye kituo chenye upungufu mkubwa wa wauguzi, na asilimia 25 nyingine kwa mwaka wa tatu. Anayetaka kufundisha aangalie mkopo wa NFLP, unaofutwa hadi asilimia 85 akiingia kazi ya ualimu wa uuguzi. Hospitali nyingi huchangia ada ya wafanyakazi wao, na dola 5,250 kwa mwaka za mchango huo hazikatwi kodi. Muulize mwajiri wako hilo kabla ya kukopa, kwa sababu mikopo imebanwa: kuanzia Julai 1, 2026 wakopaji wapya hawapati tena mkopo wa serikali wa Grad PLUS, na shahada ya uzamili ya kawaida ina kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka, jumla 100,000.

Ukishapata

Barua ya ushindi ina tarehe ya kukubali. Kubali siku hiyo hiyo, kisha peleka nakala kwa mwajiri na uikumbushe ofisi kuhusu ruhusa. Wanaokwenda nje waombe TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cheti cha kutokuwa na pingamizi. Ukirudi, vyeti vyako vya nje vinakwenda tena TCU kutambuliwa na kulinganishwa, kwa Kenya ni tume yao, CUE, ndipo afisa utumishi aweze kuvifanyia kazi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri, urudi nayo.